SOMO LA NYUMBA: Safisha Kwanza, Ulale Baadaye



Somo letu la mwezi huu si la mahindi wala la ng'ombe. Ni somo la nyumba. Mkulima akipata shamba jipya katika skimu, siku ile ya kwanza hutazama mipaka, hutazama udongo, hutazama mto uko wapi. Nyumba huitazama jioni, wakati jua linatua na watoto wanalia usingizi. Basi hufagia kidogo, hutandika mikeka, hulala. Yafaa tuseme wazi kwamba desturi hii ni mbaya, na imeleta msiba katika nyumba nyingi.

Tangu mwaka wa 1962, serikali ilipoanza kununua mashamba makubwa ya Wazungu na kuyagawa kwa wananchi, maelfu ya jamaa walihamia sehemu kama Kinangop, Ol Kalou, Lugari na Sotik. Wengine walikuta nyumba ya mawe yenye dohani na sakafu ya mbao. Wengine walikuta vibanda vya wafanya kazi, au ghala, au zizi la maziwa, wakageuza kuwa nyumba. Hata leo mtu anaponunua shamba au kurithi shamba, mara nyingi hukuta jengo ambalo mtu mwingine alilitumia kwa kazi asiyoijua. Hiyo ndiyo sababu ya somo hili.

Nyumba tupu ina wenyewe

Watu wengi wadhani kwamba nyumba iliyofungwa mwaka mzima ni safi, kwa kuwa hakuna mtu aliyeichafua. Sivyo. Mtu akitoka, wengine hubaki.

Yai la kiroboto huanguka mavumbini. Funza wa yai lile hujifunga katika kifuko kidogo kama nondo afanyavyo, akangoja. Aweza kungoja miezi kadhaa. Siku mtu atakapoingia, mtikisiko wa nyayo, joto la mwili na pumzi humwamsha. Ndiyo maana watu huingia katika nyumba tupu, na kwa muda wa saa chache miguu yao imejaa viroboto. Husema, “Jirani ametuletea.” Hakuna aliyewaletea. Walikuwa wakingojwa.

Kunguni naye aweza kukaa miezi mingi bila kunywa damu, katika viungo vya kitanda na nyufa za mbao. Na papasi, yule kupe laini wa nyumba za udongo, aweza kukaa miaka. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na chini ya kuta, usiku hutoka akanyonya mtu aliyelala chini, kisha akarudi kabla ya mapambazuko. Mwenye kuumwa hana habari. Papasi huleta homa inayopanda siku chache, ikashuka, mtu akadhani amepona, kisha ikarudi tena. Daktari mmoja Mwingereza, Dutton, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huu huko Kongo, alikufa kwa homa hiyo mwaka wa 1905. Kwa mwanamke mwenye mimba ni hatari kubwa, kwani aweza kupoteza mtoto. Siku hizi dawa yake ipo hospitali, lakini sharti damu ipimwe kwanza. Homa ikienda na kurudi, usinunue vidonge vya malaria dukani tu ukakaa kitako.

Kosa langu mwenyewe

Kabla sijaendelea, nitawaeleza jambo lililonipata mimi. Sipendi kulisimulia, lakini huenda likamfaa mtu.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Kazi yangu ni barua, orodha na matangazo. Nilipohamishwa kazi nilipata nyumba ya kupanga, na nyuma yake palikuwa na chumba kidogo cha stoo. Tulifika Jumamosi jioni. Stoo nikaifungua, nikaona makopo na chupa, nikaifunga tena nikisema nitaitazama wiki ijayo. Wiki ijayo haikufika.

Mke wangu akapata humo kopo moja zuri lenye kifuniko kizuri. Karatasi yake ilikuwa imekwisha banduka. Akaliosha kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili, kwa maana ni mwanamke msafi. Akatia maziwa ya mtoto, yakalala humo usiku. Asubuhi binti yetu, ambaye alikuwa na miaka minne, akayanywa.

Kabla ya saa sita mchana mtoto alikuwa akitoka mate na jasho jingi, miguu imelegea, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Tukampeleka hospitali kwa gari la maziwa. Daktari aliuliza neno moja: “Kopo liko wapi?” Sikuwa nalo. Ilinibidi kurudi nyumbani kulichukua, huku mtoto yuko kitandani. Chini ya kopo palikuwa na herufi chache zilizosalia, na kwa herufi hizo daktari akahakikisha kwamba ilikuwa dawa ya kupe wa ng'ombe.

Mtoto alipona. Lakini jambo linalonichoma mpaka leo ni hili: tangazo la kuwaonya wakulima wasitumie makopo ya dawa, mimi mwenyewe ndiye niliyelipiga chapa, nakala mia mbili, miezi mitatu kabla ya siku ile. Nilijua maneno yote. Sikufungua stoo yangu.

Kwa hiyo tusimlaumu mama aliyeosha kopo. Dawa nyingi za namna hiyo hujificha katika mshono wa kopo, tena huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, na maziwa yana mafuta. Sabuni haitoshi. Kopo la dawa halioshwi likawa la chakula, hata likioshwa mara kumi.

Siku ya kwanza: Macho kabla ya ufagio

Siku ya kwanza usifagie. Fungua milango yote na madirisha yote, upepo upite kwa saa moja, nawe ukae nje. Watoto wabaki kwa jirani. Kisha ingia umevaa viatu vilivyofunika mguu, na fimbo mkononi, kwani nyoka hupenda stoo na rundo la magunia. Gonga, ngoja, ndipo usogee.

Tafuta vitu hivi:

1. Makopo, chupa na mifuko ya dawa, hata ikiwa mitupu. DDT ilikatazwa katika kilimo nchini Kenya mwaka wa 1986, lakini unga uliosahauliwa katika stoo hauna habari ya amri hiyo.

2. Mbegu zilizotiwa rangi nyekundu, ya waridi au ya kijani. Rangi hiyo ni onyo kwamba zimetiwa dawa. Hazisagwi, hazipikwi, hazipewi kuku.

3. Mabati ya asbesto, yaani yale ya kijivu, mazito, yasiyolia kama bati ukiyagonga. Usiyakwangue, usiyapige brashi, usiyavunje. Vumbi lake huharibu mapafu baada ya miaka mingi. Yakiwa mazima, yaache hapo mpaka mtu mwenye kuijua kazi hiyo aje.

4. Rangi ya zamani inayobanduka milangoni na madirishani. Rangi za zamani nyingi zilitiwa risasi, nayo hudhuru akili ya mtoto. Usiisugue kwa msasa ikiwa kavu. Iloweshe, uikwangue, ukusanye maganda yote katika karatasi.

5. Josho la zamani lililo karibu na nyumba. Hapo kale majosho yalitiwa aseniki, na aseniki haiozi. Usichukue udongo wa hapo kukandika ukuta, wala usilime mboga hapo, wala usichimbe kisima karibu.

Dawa utakazozikuta usizichome, usizifukie, usizimwage chooni wala mtoni. Moshi wake ni sumu, na maji ya chini ya ardhi huzipeleka kwa jirani. Vaa glavu, zisimamishe wima katika karai au debe pana, zifungie mahali ambapo mtoto hafiki, kisha umwarifu Bwana Shamba wa sehemu yako. Dawa ikikumwagikia, vua nguo mara moja, ujioshe kwa maji mengi na sabuni. Mtu akinywa, usimtapishe kwa nguvu. Mkimbize hospitali, na kopo uende nalo.

Viroboto kwanza, panya baadaye

Hapa watu wengi hukosea. Wakiona mavi ya panya, hutega mitego usiku ule ule. Lakini panya akifa, viroboto wake humwacha, kwa kuwa mwili umepoa, nao hutafuta mwili mwingine wenye joto. Mwili huo ni wako. Ndivyo tauni inavyotoka kwa panya ikaingia kwa watu. Mwaka wa 1902 tauni iliingia Nairobi, mji ulipokuwa mchanga, na soko la Wahindi likachomwa moto ili kuizuia.

Basi fuata utaratibu huu. Jioni ya siku ya kwanza, tumia dawa ya viroboto iliyoruhusiwa kutumiwa nyumbani, sakafuni, katika pembe na katika njia za panya, kama karatasi yake inavyoeleza. Usitumie dawa ya josho wala dawa ya mimea ndani ya nyumba. Funga nyumba, uende ukalale kwingine. Baada ya siku hiyo ndipo utege panya. Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Mfukie mbali na kisima. Ukiona panya wengi wamekufa wenyewe bila mtego wala sumu, usiwaguse. Mwite Bwana Afya.

Kumbuka pia kwamba wale viroboto walio katika vifuko hawafi kwa dawa ya kwanza. Rudia baada ya wiki mbili.

Siku ya pili: Lowesha, kisha toa

Sheria ya siku ya pili ni moja: usifagie pakavu. Mavi ya panya, ya popo na ya ndege yakifagiliwa makavu huwa vumbi, na vumbi hilo huingia kifuani likaleta ugonjwa. Funga kitambaa puani na mdomoni. Chukua dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja, na maji sehemu tisa. Nyunyiza taratibu, ungoje dakika 5, ndipo ukusanye kwa karatasi au koleo.

Onyo: dawa hii ya klorini isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, wala dawa nyingine yoyote. Ikichanganywa hutoa hewa kali inayoweza kumwua mtu katika chumba kidogo. Maji na klorini peke yake, basi.

Anza juu, ushuke chini. Dari kwanza, kisha kuta, kisha madirisha, mwisho sakafu. Ukianza na sakafu utaifanya kazi mara mbili. Toa viota katika dohani kabla ya kuwasha moto wa kwanza, kwa sababu dohani iliyozibwa hurudisha moshi ndani, na kiota kikavu hushika moto. Kukiwa na nyuki, mwite mrina asali; usijaribu peke yako.

Sugua mbao kwa maji ya moto, sabuni na magadi. Vitanda vya zamani vifunguliwe viungo vyote, vimiminiwe maji yanayochemka, vianikwe juani. Misumari yenye kutu iokote yote, uihesabu katika kopo kama fedha, kwa maana mguu wa mtoto utakanyaga ule mmoja uliosahau. Aliyechomwa aende apate sindano ya pepopunda.

Siku ya tatu: Ziba, piga chokaa

Sakafu ikiwa ya udongo, kwangua udongo wa juu kiasi cha inchi 3, uupeleke mbali. Humo ndimo walimo papasi na funza wa miguu. Tia udongo mpya au marumu, nyunyiza maji, shindilia mpaka iwe ngumu. Ukiweza, weka simenti, hata kama ni chumba cha kulala tu kwa mwaka huu. Ziba nyufa zote za ukuta, hasa pale ukuta unapokutana na sakafu.

Kisha piga chokaa. Chukua kilo 10 za chokaa iliyozimwa na kilo 1 ya chumvi, ongeza maji polepole huku ukikoroga, mpaka iwe kama uji mwepesi. Acha ilale usiku mmoja, ichuje kwa gunia, upake mara mbili. Linda macho, kwani chokaa huchoma. Ukuta mweupe si urembo tu. Juu ya ukuta mweupe mdudu huonekana, ufa huonekana, na chumba hupata mwanga.

Ghala, maji na choo

Ghala la nafaka lisisahauliwe. Mahindi ya zamani yaliyobaki pembeni ndiyo shule ya fukusi. Tena kuna dumuzi, ambaye wakulima wengi wa Kenya humwita Osama. Mdudu huyu si wa asili ya Afrika. Alionekana Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka wa 1983 akaonekana Taveta. Yeye hutoboa hata mbao za ghala, akangoja humo mavuno yako. Fagia ghala lote, uchome takataka, badilisha mbao zilizotobolewa, na mahindi mapya yasikutane na ya zamani.

Tangi la maji limwagwe, lisuguliwe ndani, lisuuzwe. Kisha lijaze. Kwa kila lita 1,000 za maji tia lita 1 na nusu ya dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5. Fungua mifereji mpaka usikie harufu, ifunge, uache mpaka kesho yake. Mwaga maji yote mbali na mimea na mto, ujaze tena mpaka harufu iishe. Maji ya mvua ya kwanza kutoka paani usiyapokee tangini. Yaache yaoshe paa.

Choo cha zamani kijaribu mbao zake kwa fimbo kabla hujakanyaga. Kikibaki nusu mita tu kujaa, kifukie uchimbe kingine, umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na upande wa chini wa mteremko.

Usikaushe nyumba kwa jiko la makaa

Nyumba ikishaoshwa huwa na ubaridi, hasa kule Nyandarua na sehemu nyingine za baridi. Wengine hutia jiko la makaa ndani, wakafunga mlango, wakalala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Mtu husinzia, haamki. Acha nyumba ikauke kwa jua na upepo, siku mbili. Ukitaka kuwasha jiko, washa mchana, madirisha wazi, na ukitoka lizime au ulitoe nje.

Neno la mwisho

Hesabu siku zote hizi: tatu za kazi, mbili za kukausha. Ni siku tano. Mtu atasema, “Mimi sina siku tano, mvua imekaribia, shamba halijalimwa.” Namjibu hivi: mimi nilikuwa na haraka ya namna hiyo, nikatumia siku kumi na moja hospitalini. Omba jirani akuhifadhie watoto siku hizo tano. Naye akihamia kwake, mkahifadhi wake. Kazi hii, jamaa watatu wakisaidiana, huwa nyepesi, na mwisho wake kila mmoja ana nyumba safi.

Maswali ya kuulizana katika baraza au katika kikundi cha akina mama

1. Kwa nini nyumba iliyofungwa muda mrefu yaweza kuwa na viroboto wengi siku ile mtu anapoingia?

2. Je, kati ya viroboto na panya, tuanze na wapi, na kwa sababu gani?

3. Kopo la dawa lililooshwa vizuri lafaa kwa maziwa? Eleza sababu.

4. Kwa nini haifai kufagia mavi ya popo yakiwa makavu?

5. Katika nyumba yako ya sasa, ni chumba gani ambacho bado hujakifungua na kukitazama vizuri? Utakifungua siku gani?